Matokeo yalisema "haikugundulika" mara nne, na petroli ilikuwa palepale: uzi wa visima vya uchunguzi kwenye vituo vya mafuta

#1 Kina na Tarehe

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kupima maji ya ardhini kwenye vituo vya mafuta. Nafungua uzi huu kwa sababu ya kituo kimoja ambacho sijakisahau, na kwa sababu kosa lililofanyika pale bado naliona kwenye taarifa za watu wengine zinazonifikia.

Tangi moja la petroli lilifukuliwa baada ya kukutwa limetoboka. Tundu lilikuwa chini kabisa, mkabala na mdomo wa kupimia, mahali ambapo ncha ya fimbo imekuwa ikigonga chuma kila siku kwa miaka. Hakuna aliyejua limevuja muda gani. Vikachimbwa visima vinne vya uchunguzi, kimoja upande maji yanakotoka na vitatu upande yanakoelekea. Robo ya kwanza ya mwaka tukachota sampuli, maabara ikajibu: benzini, ile kemikali ya sumu iliyomo ndani ya petroli, haikugundulika. Robo ya pili vilevile. Ya tatu, ya nne. Mwenye kituo akaomba faili lifungwe, na mimi nilikuwa nimeshaandika rasimu ya kukubali.

Kikaja kiangazi kirefu. Maji yakashuka kuliko tulivyowahi kuyaona pale. Nilipofungua kifuniko cha kisima cha pili ili nipime kina, harufu ilinipokea kabla sijateremsha utepe. Juu ya maji palikuwa na sentimita 23 za petroli.

Haikuwa imevuja upya. Tangi lilishaondolewa zaidi ya mwaka mzima. Petroli ile ilikuwepo siku zote nne tulizochota.

Kisima cha uchunguzi ni bomba ambalo sehemu yake moja imechanwa matundu membamba. Sehemu hiyo tunaiita chujio, na hapo tu ndipo maji yanapoingilia. Mchimbaji wetu alizoea visima vya maji ya kunywa, ambako chujio huzamishwa chini sana ili kisima kisikauke. Akaliweka kuanzia mita 7.5 hadi mita 10.5. Siku zote nne maji yalikuwa kati ya mita 4.8 na mita 6.2. Petroli ni nyepesi, lita moja ina kilo 0.74 hivi, kwa hiyo inaelea. Ilikuwa imelala juu ya maji, ikizunguka bomba lisilo na tundu, na sisi tukivuta maji ya zaidi ya mita moja chini yake. Maji yaliposhuka hadi mita 7.8, uso wake ukalifikia chujio na mafuta yakamwagikia ndani.

Kinachoniuma ni kwamba kina cha maji na kina cha chujio vilikuwa kwenye jedwali moja, vimetenganishwa na safu ya tarehe. Mtu yeyote angevisoma pamoja angeona kwamba vipimo vile havikuwa na uwezo wa kuona mafuta hata kama yangejaa. Saini iliyo chini ya jedwali lile ni yangu.

Kwa hiyo ninachosema ni hiki: "haikugundulika" bila kuambatanishwa na kina cha maji cha siku ileile na kina cha chujio haituelezi chochote. Chujio la kisima cha kituo cha mafuta linatakiwa kuvuka uso wa maji, lianzie juu ya pale maji yanapofika wakati wa mvua nyingi na liishie chini ya pale yanaposhukia kiangazi. Sehemu nyingi mita 3 hadi 4.5 za chujio zinatosha. Pale maji yanapopanda na kushuka kuliko hapo, usirefushe bomba moja kupita kiasi, maana chujio refu linachanganya maji machafu ya juu na maji safi ya chini na namba inapungua. Chimba viwili jirani, kifupi na kirefu.

Wenye uzoefu karibuni, na mwenye swali aulize.

#2 Pampu Namba 3

Mkuu, nimesimamia vituo miaka mingi. Sisi fimbo inapimwa kila asubuhi, mauzo yanajumlishwa, na hesabu zinakubaliana. Tangi likivuja litaonekana kwenye daftari kabla ya kuonekana kwenye kisima. Sioni kwa nini kila kituo kibebeshwe visima.

#3 Kina na Tarehe

Pampu Namba 3, asante kwa kusema wazi, maana wengi wanafikiri hivyo na daftari ni jambo jema kweli. Endelea nalo. Ila angalia ukubwa wa tundu ambalo daftari linaweza kulipita bila kuliona.

Kanuni za Marekani za matangi ya chini ya ardhi, zilizotoka mwaka 1988, zinaruhusu hesabu za mwezi zipishane kwa asilimia 1 ya mafuta yaliyopita kwenye tangi, ukijumlisha galoni 130, yaani lita 492 hivi. Kituo kinachouza lita 200,000 kwa mwezi kinaweza kukosa lita 2,492 na bado daftari likahesabika ni zima. Hawakuweka pengo hilo kwa uzembe. Petroli inavimba na kusinyaa kwa joto: lita 10,000 zikipoa nyuzi moja tu zinapungua karibu lita 10. Fimbo nayo husomwa na macho ya mtu, na pampu zina kosa lake dogo. Hata mitambo ya kielektroniki inayokaa ndani ya tangi, chini ya kanuni hizohizo, hutakiwa kunasa uvujaji wa galoni 0.2 kwa saa. Hiyo ni lita 18 kwa siku, zaidi ya lita 500 kwa mwezi. Unaovuja chini ya hapo unaweza kupita kimya.

Sasa linganisha na upande wa maji. Chukua petroli yenye benzini asilimia 1, kiwango cha juu kinachoruhusiwa Ulaya tangu mwaka 2000. Lita moja ina mililita 10 za benzini, kama gramu 8.8. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Benzini yote ya lita hiyo moja ikiyeyuka, inatosha kufikisha lita 880,000 za maji kwenye kikomo hicho. Daftari linahesabu kwa mamia ya lita, na maji yanaharibika kwa lita moja moja.

Na uvujaji mwingi hauko kwenye tangi. Uko kwenye viungio vya mabomba, chini ya pampu, na kwenye mdomo wa kujazia, pale gari la mafuta linapochomoa mpira na kumwaga kidogo kila safari. Kile kinachomwagika mdomoni hakijaingia kwenye tangi, kwa hiyo fimbo haiwezi kukijua.

#4 Mwanafunzi wa Miamba

Shikamooni wakubwa. Naomba kueleweshwa. Mmesema kimoja upande maji yanakotoka na vitatu yanakoelekea. Mnajuaje maji yanakoelekea kabla hamjachimba? Na mkitaka kujua uchafu umefika wapi, mnapigaje hesabu?

#5 Mzee wa Visima

Marahaba mwanangu. Hili nitakujibu mimi.

Kabla ya kuchimba unakisia tu, kwa kutazama mteremko wa ardhi, mto ulipo, visima vya watu vilipo. Kukisia kunakosea mara nyingi. Ndiyo maana visima vitatu vya mwanzo huviweki kwenye mstari mmoja, unaviweka kama pembetatu. Fundi wa upimaji anachukua kimo cha mdomo wa kila bomba kwa usahihi wa milimita chache, unatia alama ukingoni mwa bomba, na siku zote unapimia kwenye alama hiyohiyo. Kimo cha mdomo ukitoa kina cha maji unapata kimo cha maji. Ukiwa na vimo vitatu unajua uso wa maji umeinamia wapi. Vipime vyote siku moja, saa zinazokaribiana, na vifungue vifuniko robo saa kabla ili hewa iliyobanwa itoke na maji yatulie.

Mwendo wa maji tunaupata kwa kanuni ya Henry Darcy, mhandisi wa Dijon, Ufaransa, aliyeichapisha mwaka 1856 baada ya kupitisha maji kwenye nguzo za mchanga. Zidisha upitishaji wa udongo kwa mwinamo, kisha gawa kwa sehemu ya udongo iliyo wazi kwa maji. Mchanga unaopitisha mita 5 kwa siku, mwinamo wa mita 5 kwa kila kilomita, nafasi wazi asilimia 25: unapata mita 0.1 kwa siku, kama mita 36 kwa mwaka. Benzini huchelewa kidogo nyuma ya maji kwa sababu inashikwa na udongo. Kwenye mfinyanzi mwendo huo unaweza kupungua mara elfu, isipokuwa kama una nyufa, au kuna mtaro wa bomba la maji machafu uliojazwa changarawe. Mtaro huo ni barabara. Nimeona mkia wa uchafu ukiacha mwelekeo wa maji na kufuata mtaro hadi ghorofa ya chini ya jengo la jirani, ukapanda kama mvuke.

Jambo moja ambalo vitabu vinalisema kwa mstari mmoja na watu wanalisahau. Kisima chenye mafuta yanayoelea, usiandike kina cha maji jinsi utepe ulivyokisoma. Uzito wa mafuta umeyasukuma maji chini ndani ya bomba. Chukua unene wa mafuta, zidisha kwa 0.74 ikiwa ni petroli, kisha ongeza kwenye kimo cha maji. Kwa zile sentimita 23 za mwenye uzi, ni sentimita 17 za kuongeza. Kwenye ardhi iliyolala, sentimita 17 zinatosha kugeuza ramani yote na kuonyesha maji yanaelekea kwenye matangi badala ya kutoka hapo. Utachimba kisima kinachofuata upande usio na kitu.

Pia usidhani sentimita 23 ndani ya bomba ni sentimita 23 ndani ya udongo. Bomba ni shimo tupu, mafuta hujikusanya humo. Kwenye udongo yamegawana vinyweleo na maji na hewa, na kadiri udongo ulivyo mlaini ndivyo bomba linavyozidi kukuza.

#6 Benchi la Maabara

Nimesoma tangu juu na nashukuru neno "haikugundulika" limewekwa mezani, maana lina upande wa pili ambao unatokea kwetu maabara.

Haikugundulika juu ya kiasi gani? Tuseme mashine yetu inaona benzini kuanzia mikrogramu 0.5 kwa lita. Inakuja sampuli imejaa zaileni na tolueni, kemikali nyingine za petroli, kiasi kwamba ikiingia jinsi ilivyo itaichafua mashine siku mbili. Tunaipunguza makali mara 100 kwa maji safi. Tangu hapo uwezo wetu wa kuona kwenye sampuli hiyo ni mikrogramu 50. Tukiandika "haikugundulika" tunamaanisha haikuzidi 50. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni 10, sheria ya Marekani ni 5, ya Umoja wa Ulaya ni 1. Mteja anakata safu ya kikomo ili jedwali litoshee kwenye ukurasa, na maji yanayoweza kuwa na mikrogramu 45 yanaingia kwenye taarifa kama maji safi. Tafadhali msikate safu hiyo.

Halafu chupa. Hapa nina mengi, mnivumilie.

Benzini inataka kuruka hewani, ndiyo tabia yake. Chupa zetu ni za kioo, za mililita 40, na ndani tumetanguliza asidi kidogo ili bakteria wasiendelee kuila njiani. Kwa hiyo usiisuuze. Jaza taratibu ukiinamisha chupa, maji yateremke ukutani bila kutoa povu, hadi yavimbe juu ya mdomo. Funga, pindua, gonga kwa kidole. Ukiona kiputo, chukua chupa nyingine, maana ukimwaga na kujaza tena ileile asidi imekwenda. Weka kwenye barafu, zisigande. Zenye asidi tunazipokea ndani ya siku 14. Zisizo na asidi siku 7.

Chupa ya safari ndiyo inayoachwa nyuma kuliko zote. Ni chupa tunayoijaza maji safi sisi wenyewe, inakwenda kituoni na kurudi bila kufunguliwa. Ikirudi na tolueni, tunajua uchafu umeingia njiani. Tulipokea sanduku moja ambalo chupa zote zilikuwa na tolueni kiasi kinachofanana, hata za kisima cha upande maji yanakotoka. Chupa ya safari nayo ilikuwa nayo. Sanduku lilisafiri kwenye gari lenye dumu la petroli ya jenereta. Bila chupa ile moja mtu angeandika kwamba uchafu umeenea eneo lote.

Jenereta ikae mbali, upande upepo unakokwenda. Kalamu za wino mzito wenye harufu zina viyeyushi vilevile tunavyovitafuta, andika lebo kwa kalamu ya kawaida. Anza na kisima kinachoaminika kuwa safi zaidi, malizia na kichafu kuliko vyote, na glavu zibadilishwe kila kisima.

#7 Kina na Tarehe

Benchi la Maabara, hili la kupunguza makali ningependa lisomwe na kila anayepitisha taarifa. Naongeza la kuvuta maji kabla ya kuchota, kwa kuwa limeulizwa kwenye ujumbe wa faragha.

Maji yaliyokaa ndani ya bomba yamegusa hewa, benzini yake imepungua. Njia ya zamani ni kutoa ujazo wa bomba mara tatu. Bomba la kipenyo cha milimita 50 lina karibu lita 2 kwa kila mita, kwa hiyo ukiwa na mita 4 za maji unatoa lita 24 hivi. Shida ni kwamba watu huzitoa kwa haraka, maji yanaanguka ndani ya chujio kama maporomoko na benzini inaruka. Mimi navuta polepole, mililita 100 hadi 500 kwa dakika, nikiangalia maji kisimani yasishuke zaidi ya sentimita 10. Nasoma uchachu, upitishaji umeme na oksijeni kila dakika chache. Namba zikitulia mara tatu mfululizo, nachota. Kama juu pana mafuta, sichoti kabisa. Napima unene wake na kuandika, basi. Maji yaliyopita kwenye mafuta yanabeba vitone, na namba inayotoka hapo ni ya vitone.

#8 Jirani wa Kituo

Samahanini, mimi si mtaalamu. Nina kisima nyumbani na kituo cha mafuta kiko kama mita 50 kutoka kwangu. Maji hayana harufu yoyote, tunayanywa. Baada ya kusoma huu uzi sijalala vizuri. Nikiyachemsha inatosha?

#9 Benchi la Maabara

Dada au kaka, pole. Naomba unisikilize vizuri.

Pua haitoshi. Benzini huanza kunuka kwenye maji ikiwa imezidi mno kiwango cha kunywa. Kukosa harufu hakukuambii chochote upande wowote, yaani hakuthibitishi kwamba maji yako ni mabaya wala kwamba ni mazuri.

Kuchemsha kunaua vijidudu. Benzini kunaifukuza kutoka sufuriani na kuiingiza kwenye hewa ya jikoni, na mvuke wake unadhuru vilevile. Benzini husababisha saratani ya damu, hilo limethibitishwa. Kwa hiyo kama kuna shaka usichemshe ndani ya nyumba.

Peleka sampuli kwenye maabara inayopima viyeyushi vyepesi. Usiishie kwenye kipimo cha kawaida cha chumvi na vijidudu. Omba benzini, tolueni, etilibenzini na zaileni, na pia MTBE, kemikali ya kuchanganya na petroli. Chupa wakupe wao. Hadi majibu yaje, kama unaweza kupata maji mengine ya kunywa na kupikia, tumia hayo.

#10 Mzee wa Visima

Naongezea kwa jirani yetu. Kisima kinachovutwa kila siku kinainamisha uso wa maji kukielekea. Hata kama kwa asili maji yanapita pembeni ya nyumba yako, pampu yako inaweza kuwa inayaita. Waulize majirani wengine wenye visima, na uliza mamlaka ya maji au mazingira ya eneo lako kama kituo hicho kina visima vya uchunguzi na taarifa zake. Ukisikia harufu ya mafuta ndani ya nyumba, hasa chumba kilicho chini ya usawa wa ardhi au kwenye shimo la maji machafu, usiwashe moto wala taa, tokeni nje, piga simu ya dharura.

#11 Hewa na Udongo

Nawaheshimu wote, ila naona uzi umeegemea upande wa hofu. Ardhi ina bakteria wanaokula hidrokaboni. Mwaka 1979 bomba la mafuta ghafi lilipasuka karibu na Bemidji, Minnesota, na wanasayansi wa serikali ya Marekani wamekuwa wakipafuatilia tangu 1983. Pale ndipo ilipoonyeshwa shambani, mbali na maabara, kwamba vijidudu vinaweza kuuzuia mkia wa uchafu usiendelee. Na California mwaka 1995 walipitia vituo vingi wakaona mikia ya benzini kwa kawaida husimama karibu na chanzo, mingi bila kufika mita 100. Kufukua kila kitu si lazima.

#12 Kina na Tarehe

Hewa na Udongo, tunakubaliana zaidi unavyodhani. Sijasema kila kituo kifukuliwe. Lakini soma ulichoandika: wamekuwa wakifuatilia. Bemidji inajulikana kwa sababu watu wamepima palepale kwa miongo. Anayetaka kuiachia ardhi ijisafishe ndiye anayehitaji visima vizuri kuliko wote, kwa kuwa hana kingine cha kuonyesha.

Na kuna alama za kuonyesha. Bakteria wakila, wanamaliza oksijeni kwanza, kisha nitreti, chuma kinaanza kuyeyuka kwenye maji, salfeti inapungua, mwishowe methani inatokea. Kisima cha katikati ya mkia kikiwa na benzini inayoshuka na alama hizi zote, nakubali inaliwa. Benzini ikishuka bila alama hata moja, nauliza maji yamepanda kiasi gani mwaka huo. Mvua nyingi hupunguza makali ya namba bila bakteria yeyote kufanya kazi. Mwaka mmoja wa robo nne hauwezi kutofautisha hayo mawili.

Wala bakteria hawali kila kitu kwa hamu moja. MTBE ilitiwa kwenye petroli ili iungue vizuri. Inayeyuka kwenye maji kuliko benzini mara nyingi, haishikwi na udongo, na vijidudu vinachelewa kuila. Mji wa Santa Monica, California, ulilazimika mwaka 1996 kufunga visima vilivyoupa karibu nusu ya maji yake kwa ajili hiyo. Ethanoli, pombe inayochanganywa na petroli, nayo ina yake: bakteria huipenda, wanaianza hiyo, wanamaliza oksijeni, na benzini inabaki ikisafiri mbali kuliko ambavyo ingefika. Kwa hiyo ile mita 100 uliza kwanza petroli ya aina gani.

Na vituo vya zamani vilivyouza petroli yenye madini ya risasi, pimeni pia dibromoethani iliyokuwa inachanganywa na risasi hiyo. Kikomo cha Marekani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 0.05 kwa lita, mara mia chini ya benzini. Kituo kinaweza kuwa kilifungwa zamani na bado ikawepo.

#13 Hewa na Udongo

Hilo la mvua na alama nalipokea. Kwenye taarifa zangu nimekuwa nikiweka mstari wa benzini peke yake. Nitaweka na wa kina cha maji juu yake, kwenye mchoro mmoja.

#14 Faili Wazi

Wakuu, tangu juzi nimekaa na faili zangu. Nina visima kumi na kimoja kwenye maeneo matatu. Nimelinganisha kina cha chujio na kina cha maji kwa kila tarehe. Vitatu havijawahi, hata siku moja, kuwa na uso wa maji ndani ya chujio. Vyote vitatu vina "haikugundulika" tangu vilipochimbwa. Nifanyeje? Nivifukie?

#15 Kina na Tarehe

Usivifukie. Vinakupa vimo vya maji, hivyo ni halali, na vinakwambia hali ya maji ya chini, ambayo nayo inahitajika siku ukitaka kujua uchafu umezama kiasi gani. Usifute matokeo ya zamani pia. Andika pembeni ya kila moja: chujio lilikuwa limezama mita fulani. Atakayekuja baada yako ajue.

Chimba kifupi pembeni ya kila kimoja, mita moja au mbili tu kutoka hapo, chujio livuke uso wa maji. Juu ya changarawe ya chujio weka bentonaiti (mfinyanzi unaovimba ukilowa) ya kutosha na uipe muda wa kuvimba, kisha saruji, ili maji ya mvua na matone ya pampu yasiteremke pembeni mwa bomba na kukudanganya. Mdomo uzibwe kwa kizibo kinachobana. Nimeona kisima cha uchunguzi kikijazwa dizeli na mtu aliyedhani ni mdomo wa tangi, kwa hiyo kipake rangi yake na ukiandike.

#16 Faili Wazi

Narudi na majibu, wiki saba baadaye.

Vifupi vitatu vimechimbwa na kuchotwa. Viwili havina mafuta yanayoelea, benzini haikugundulika kwa kikomo cha 0.5, chujio liko wazi sentimita 80 juu ya maji. Cha tatu, kilicho karibu na mdomo wa kujazia, utepe umesoma milimita 4 za mafuta. Kirefu chake, mita moja na nusu pembeni, siku hiyohiyo, haikugundulika.

Upande maji yanakoelekea kuna nyumba tano. Mbili zina visima.

#17 Kina na Tarehe

Nenda kwenye hizo mbili leo, usingoje taarifa ikamilike. Beba chupa kutoka maabara na chupa ya safari. Waombe waache kunywa maji yale hadi majibu yaje, na uwaeleze kwa nini kuchemsha hakusaidii. Kituoni, mdomo wa kujazia ufungwe na bomba lake lijaribiwe kwa shinikizo. Na kabla hujaondoka pima kina cha visima vyote kumi na vinne, siku moja.

#18 Jirani wa Kituo

Majibu yangu yametoka. Benzini haikugundulika, kikomo 0.5. MTBE mikrogramu 3. Kisima changu kina mita 18, chujio sijui liko wapi, aliyekichimba hakuacha karatasi. Nimempigia.